Akiba, stoki au shehena? Jibu kwa mtunza ghala wa Mlowo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunza ghala wa chama cha ushirika cha mazao hapa Mlowo, wilaya ya Mbozi. Kwenye taarifa ya mwezi niliandika 'Akiba ya mahindi: magunia 412'. Mwenyekiti akaikata kwa kalamu nyekundu, akasema akiba ni ya fedha, ya benki na vikoba, mahindi yanaitwa stoki. Mjumbe mmoja akadakia kwamba Kiswahili fasaha ni shehena. Nani yuko sahihi? Kama mwenyekiti ndiye sahihi, mbona serikali ina Wakala wa Hifadhi ya Chakula na hatusikii Wakala wa Stoki? Na mwisho, tunataka kuandika jina juu ya mlango wa ghala letu. Tuandike ghala au bohari?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kalamu nyekundu. Nimefundisha Kiswahili Iringa miaka mingi na najua inavyouma kukatiwa neno mbele ya kikao.

Mwenyekiti wako amekata neno ambalo kweli halikukaa vizuri pale, lakini sababu aliyoitoa haina miguu. Mjumbe wa shehena ndiye aliyepotea mbali zaidi. Na wewe umeyaita akiba magunia ambayo, kwa maelezo uliyonipa baadaye kwa simu, mengi yanasubiri bei tu ili yauzwe. Kwa hiyo hakuna aliyeshinda kikao hicho.

Tuanze na akiba, kwa sababu mengine yote yatajipanga likishakaa sawa.

Neno hili tumelipata kwenye Kiarabu, ambako shina lake linahusu kinachofuata, kinachokuja nyuma ya kingine, mwisho wa jambo. Waswahili wakalichukua wakalipa kazi yao: kitu kilichotengwa leo kwa ajili ya kile kitakachofuata. Ndani ya maana hiyo kuna mambo mawili yasiyoachana. La kwanza ni kutenga kwa makusudi. La pili ni wakati ambao haujafika. Yote mawili yakiwepo, una akiba mbele yako, iwe fedha, mahindi, maji, damu au mtu. Moja likikosekana, tafuta neno lingine.

Mwambie mwenyekiti asikilize tu redio siku moja. Mgambo wetu rasmi wanaitwa Jeshi la Akiba, na hakuna anayewapeleka benki. Timu zikicheza Uwanja wa Sokoine pale Mbeya, mtangazaji atakutajia wachezaji wa akiba waliokaa benchi. Dereva wa lori anayepanda Kitonga bila tairi la akiba ana ujasiri ambao mimi sina. Kituo cha damu salama cha kanda kilichopo Mbeya kikiona chupa zinapungua hutangaza kwamba akiba ya damu imeshuka. Na bibi akimwona mjukuu anabwatuka kwenye ugomvi wa ndoa humwambia aweke akiba ya maneno, maana kesho watapatana na yale aliyoyasema yatakuwa bado yanadai. Katika mifano yote hiyo hakuna shilingi hata moja, na hakuna Mswahili atakayeona neno limetumika vibaya.

Upande wa pili wa kipimo ni kiporo. Ugali uliobaki usiku na ukaliwa asubuhi na chai ni chakula kilichokaa, na kinatumika baadaye, lakini hakuna anayeuita akiba. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaki. Watu walishiba, basi. Kiporo kinatokea, akiba inawekwa. Ndiyo maana neno akiba, katika usemi wa kila siku, halina kitenzi chake lenyewe, linaazima cha kuweka: weka akiba, jiwekea akiba, amejiwekea. Kitenzi hicho kinabeba lile kusudi ninalolisema.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni, nalo ndilo lililomkwaza mwenyekiti hata kama hakulitaja. Mzigo unapimwa kwa kilo, akiba inapimwa kwa muda. Muulize mama yeyote wa Igawilo au Ilembula kama ana chakula cha kutosha, hatakujibu kwa tani. Atakwambia, "Tutafika Machi," au, "Mwaka huu sidhani kama tutavuka Februari." Anajua amepanda Novemba au Desemba, anajua mahindi mapya hayatakauka shambani kabla ya Juni, na katikati pale kuna miezi ya kifuku, yaani majira ya mvua, ambayo kila debe linahesabiwa. Benki Kuu ya Tanzania nayo hufanya hesabu hiyohiyo. Ikitangaza akiba ya fedha za kigeni, hutaja kiasi cha dola halafu haraka huongeza kwamba kinatosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi kadhaa, na lengo la nchi ni isipungue miezi minne. Gavana na mama wa Ilembula wanaongea lugha moja hapo. Sasa wewe uliandika "magunia 412" ukaishia hapo. Akiba ya nani? Ya kumfikisha wapi? Gunia 412 bila muda wala mwenyewe ni idadi ya magunia, haijawa akiba.

Nikupeleke ndani ya nyumba moja huko Ilembula nilikokaribishwa msimu mmoja wa mavuno, kwa sababu pale nililiona neno hili likifanya kazi bila kutamkwa. Chumba cha nyuma, magunia yamepangwa juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali, mbali na ukuta ili unyevu usipande. Magunia ya karibu na mlango yalishonwa kwa uzi wa katani. Ya katikati yalifungwa kwa vipande vya kitenge vilivyosokotwa. Kwenye dari la jikoni, juu ya moto, yalining'inia mahindi yenye maganda yaliyosukwa pamoja, meusi kwa moshi. Nikauliza, mwenye nyumba akanionyesha kwa kidole: haya ya mlangoni ni ya kuuza, hapa kuna ada na mbolea ya kupandia, haya ya kitenge ni ya kula, yale ya juu ni mbegu, na mtoto akiyagusa atanijua mimi ni nani. Kwenye kona kulikuwa na gunia moja limesimama peke yake. "Na hili?" Akacheka. "Hilo lipo tu."

Hilo lililokuwepo tu ndiyo akiba kwa maana yake iliyo kali kabisa. Halina kazi waliyoipangia. Litafanya kazi msiba ukija, wageni wakija wengi, mvua ikichelewa wiki tatu, au mdudu akiingia kwenye yale ya kula. Nimeona watu wa mjini wanashangaa wakulima "hawana utamaduni wa kuweka akiba" kwa sababu hawalisikii neno lenyewe. Mkulima ana maneno yake: ya kula, ya mbegu, lipo tu. Kitu kipo, jina la ofisini ndilo halipo.

Lakini nisikubane mno. Katika maana iliyo pana, yale ya kula nayo ni akiba ya chakula, kwa kuwa yametengwa yavushe kaya mpaka mavuno yajayo. Hivyo ndivyo wanavyolitumia viongozi wetu wa mikoa kila ifikapo mavuno, wanapowasihi watu wasiuze chote, wabakize akiba ya chakula. Ni Kiswahili safi kabisa. Mbegu ndiyo huwa naitoa nje ya hesabu hii. Mbegu imeshapewa kazi, na anayekula mbegu hasemi amekula akiba, anasema ameharibikiwa.

Sasa tumtendee mwenyekiti haki. Hajabuni wazo lake hewani. Kiswahili cha ofisini kina tabia ya kuchukua maneno ya chakula na kuyageuza kuwa ya fedha, na ametegemea tabia hiyo. Tazama posho. Hapo zamani posho ilikuwa chakula chenyewe, kipimo alichopewa mpagazi au kibarua kwa siku. Kenya na Uganda hadi leo ukisema posho watu wanafikiria unga wa mahindi. Kwetu Tanzania posho ni bahasha ya kikao, na mtu akipewa unga badala yake atakwenda kulalamika. Tazama masurufu. Yalikuwa mahitaji ya safari, chakula na matumizi ya njiani; leo kwa mhasibu wa halmashauri masurufu ni fedha alizopewa mtumishi kwa shughuli maalumu na anazopaswa kuzirejeshea hesabu, na ripoti za ukaguzi hazichoki kutaja masurufu yasiyorejeshwa. Akiba nayo imevutwa upande huo na Ushirika wa Akiba na Mikopo, yaani SACCOS, na vikoba, na vibubu vya watoto, na matangazo ya benki. Kwa mtu anayeshinda kwenye vikao vya ushirika, akiba ya fedha ndiyo anayokutana nayo asubuhi na jioni. Tofauti ni kwamba posho na masurufu vimehama nyumba kabisa, akiba imejenga nyumba ya pili tu. Ya kwanza bado ina watu.

Stoki nitaipitia haraka kwa sababu sina ugomvi nayo. Ni neno la dukani, limeingia, linaeleweka, na mfanyabiashara wa Mwanjelwa akisema "stoki imekata" kila mtu amemwelewa. Lakini sikiliza vizuri, utagundua hata yeye halitumii sana. Anasema mzigo. "Mzigo upo," "mzigo mpya umeingia," "nasubiri mzigo kutoka Tunduma." Mzigo ni neno lenye nguvu kuliko stoki na halikuhitaji kukopwa juzi. Kwenye taarifa ya maandishi, ukitaka kuepuka yote mawili, Kiswahili kina njia rahisi ambayo watunza ghala wa serikali wameizoea: zilizoingia, zilizotoka, zilizopo. Kwenye leja, hicho cha tatu kinaitwa salio. "Salio la mahindi ghalani: magunia 412." Hapo hakuna atakayekushika shati.

Shehena ni mzigo uliopakiwa, ulio juu ya chombo. Asili yake pia ni Kiarabu na inahusu kupakia merikebu, na ingawa sisi hatuna bahari, tuna reli na tuna barabara. Behewa la TAZARA linaloondoka Makambako limebeba shehena. Lori lililokwama Tunduma likisubiri nyaraka lina shehena. Likishafika kwako, vibarua wakashusha, ukahesabu ukasaini, shehena imeisha. Kilichopo chini ni mzigo wa ghalani. Waandishi wa habari wamelipenda neno hili mno, wanaandika "shehena ya mahindi imekutwa imefichwa ghalani", na mjumbe wako bila shaka amelipata huko. Lina mvuto wa kusikika zito. Mwachie alitumie siku mtakapopakia.

Swali lako la Wakala wa Hifadhi ya Chakula ni zuri kuliko unavyofikiri. Chombo hicho, kilichoanzishwa 2008 na ambacho wote tunakiita NFRA, kina jina la Kiswahili lililochaguliwa kwa uangalifu. Hifadhi ni kitendo: kulinda kitu kisiharibike, kisipotee, kisiguswe na asiyehusika. Akiba ni kitu chenyewe. Kwa hiyo wakala unahifadhi, na kinachohifadhiwa ni akiba ya chakula ya taifa. Mahindi yaliyomo kwenye maghala na vihenge vya kisasa vya Makambako ni akiba. Kuyapima unyevu, kuyapulizia dawa, kuyalinda panya, kuyazungusha ili ya zamani yatoke kabla ya mapya, hiyo ndiyo hifadhi. Ukiandika "hifadhi ya mahindi: magunia 412" utakuwa umesema kitendo kina magunia.

Hifadhi ina wajukuu wengi huku kwetu, ndiyo maana inachanganya. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na ile ya Kitulo yenye maua, ambapo neno limehama kutoka kitendo likawa jina la mahali. Kuna hifadhi ya jamii, ambayo ni pensheni na mafao. Na kuna hifadhi ya barabara, ile iliyowatia watu wa Mafinga na Makambako jakamoyo kila alama ya X nyekundu inapotokea ukutani. Katika zote kuna wazo la kutoguswa. Akiba haina wazo hilo; akiba inawekwa ili siku moja iguswe.

Ghala, bohari, stoo na kihenge ni majina ya mahali, nayo hayana matatizo mengi. Kihenge ni cha nafaka, kiwe cha fito na udongo nyuma ya nyumba au cha bati kirefu kama mnara. Stoo ni ya nyumbani, shuleni na hotelini, chumba tu. Ghala ni jengo la mazao na bidhaa. Kuna kichekesho ndani ya neno hili: kwa Waarabu shina lake linahusu mazao yenyewe, mapato ya shamba, kwetu likahamia kwenye nyumba ya kuyawekea. Ndiyo maana Nyanda za Juu Kusini zinaposifiwa kuwa ghala la taifa, na zimesifiwa hivyo tangu enzi ambazo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilitajwa kwa pamoja kama mikoa minne ya mahindi kabla Njombe haijajitenga 2012 na Songwe yenu 2016, sifa hiyo inakaa vizuri mdomoni. Inasema mahali na inasema mazao. Hazina usiiguse kabisa. Hazina ni mali ya thamani, ya siri au ya serikali, na mzee mwenye kumbukumbu. Mahindi ya chama siyo.

Sasa hapa ndipo nataka ukae kitako, kwa sababu kosa la taarifa yako si la lugha peke yake. Kwa maelezo yako, katika yale magunia 412, 260 ni ya wanachama walioleta wenyewe wakapewa stakabadhi na wanasubiri bei. Mengine 96 chama kilinunua ili kiyauze. Mengine 36 yalibaki msimu uliopita. Na 20 mkutano mkuu uliamua yasiuzwe, yawepo kwa ajili ya wanachama watakaokwama kwenye kifuku. Ukiyaita yote akiba, umefuta mipaka ambayo watu wanaweza kuja kupelekana mahakamani kwa ajili yake.

Yale 260 Kiswahili kinayaita amana. Amana ni mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako, na kwa mwenye dini neno hilo lina uzito wa kiapo. Mfumo mzima wa stakabadhi za ghala, ambao una sheria yake, Namba 10 ya 2005, umesimama juu ya wazo hilo: gunia lipo kwako, mali si yako, karatasi aliyonayo mkulima ndiyo yenye mali. Chama kikiyaita mahindi ya wanachama "akiba ya chama", hata kwa nia njema, kimejipa kwa kalamu kitu ambacho hakikununua. Nimeona ugomvi ukianzia kwenye neno kama hilo. Mwenyekiti angesema hivyo wakati anakata, ningempigia makofi.

Yale 36 ya msimu uliopita ni bakaa. Neno hili wahasibu wa halmashauri wanalitumia kwa fedha zilizovuka mwaka, lakini linafaa kwa magunia vilevile, na ni afadhali kuliko kusema mabaki, maana mabaki yanasikika kama ya kutupwa. Yale 96 ni mzigo wa kuuza, au ukipenda mahindi ya biashara. Yale 20 tu, yale ambayo mkutano umeyatenga kwa kusudi na kwa wakati ujao, ndiyo akiba. Basi taarifa yako ya mwezi ujao iseme hivi:

"Salio la mahindi ghalani ni magunia 412. Kati ya hayo, 260 ni amana ya wanachama wenye stakabadhi, 96 ni ya biashara, 36 ni bakaa ya msimu uliopita, na 20 ni akiba ya chakula kwa ajili ya wanachama, iliyotengwa kwa uamuzi wa mkutano mkuu."

Usiandike ziada popote hapo isipokuwa umeshapiga hesabu ya mahitaji ukaona yamevukwa. Ziada ni kile kinachozidi mahitaji, na ghala linaweza kujaa pomoni bila kuwa na ziada hata kidogo kama midomo ni mingi. Na gunia uliloandika liwe gunia la kilo zinazojulikana. Lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, ina namna yake ya kuzifanya hesabu zote hizi kuwa hadithi.

Umeniuliza pia pembeni kama kuna akiba mbaya. Ipo, ila ikiwa mbaya Kiswahili hukimbilia maneno mengine: kuhodhi, kuficha, kulimbikiza, kulangua. Wazee mnaoishi nao wanaikumbuka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, msako wa wahujumu uchumi ulipoingia mitaani. Mifuko ya sukari na katoni za sabuni zilizokutwa darini mwenyewe aliziita akiba ya nyumbani, askari akaziita bidhaa zilizofichwa. Kitu kilikuwa kimoja. Kilichopishana ni kusudi alilodhaniwa nalo mwenye dari, na tumeshaona kwamba kusudi ndilo linalofanya akiba iwe akiba. Kwa hiyo mabishano yale kwa namna fulani yalikuwa halali kabisa kilugha, ingawa waliokuwa kwenye lori la polisi hawakuwa na nafasi ya kuyafurahia.

Methali ya akiba haiozi usiiandike ukutani mwa ghala, nakuomba. Inasema kwamba ulichotenga hakipotei bure, siku yake itafika, na kwa maana hiyo ni kweli. Lakini mahindi yanaoza. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, hajawahi kuisikia methali hiyo. Mahindi yaliyoingia ghalani na unyevu unaozidi asilimia 13 na nusu hivi yanaota ukungu, ukungu unaleta sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Watu walikufa kwa sababu yake Dodoma na Manyara 2016. Yale magunia 20 yatakayokaa muda mrefu kuliko yote ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Yakaushwe sana, yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile inayouzwa kwa jina la kinga njaa, na yasifunguliwe mpaka siku ya kugawa.

Sarufi kidogo, maana nimeona kwenye barua yako umeandika "akiba ya chama imekwisha" na mahali pengine "maakiba yetu". La kwanza ni sahihi. La pili halipo. Akiba haibadiliki katika wingi: akiba hii, akiba hizi, akiba yangu, akiba zetu. Ukisema akiba zetu unamaanisha kila mtu na yake. Ukisema akiba yetu unamaanisha moja tuliyoiweka pamoja. Kwa chama chenu tofauti hiyo ina thamani ya magunia, kwa hiyo chagua kwa makini. Ghala lina tabia ya kuyumba, wengine husema ghala hii, wengine ghala hili. Mimi nashikilia ghala hili, maghala haya, na ndivyo vitabu vingi vya shule vinavyofanya. Ghalani ni ya kumaanisha ndani ya ghala, wala usiongeze "kwenye ghalani".

Mlango sasa. Bohari ni neno zuri lakini kwa masikio ya leo limeshikwa na Bohari ya Dawa, ile MSD yenye maghala ya kanda Mbeya na Iringa, na mgonjwa mwenye cheti mkononi anaweza kuwagongea. Andikeni Ghala la Mazao, kisha jina la chama chini yake. Na simamia fundi rangi mwenyewe, kwa sababu akiachwa ataandika "Gala".